Eabegi si kitambaa cha kushona na kurudishia

Ndugu Mhariri,

Kuna msomaji mwenzetu aliandika kwenye ukurasa huu kwamba eabegi za gari lake, ile mifuko ya hewa ya kukinga watu, zilifyatuka kwenye ajali ndogo, akampelekea fundi wa siti, fundi akazishona pale zilipochanika, akaweka na kiraka cha turubai "ziwe imara zaidi", akazikunja akazirudisha kwenye usukani na dashibodi kwa hela kidogo tu. Alafu msomaji akauliza kwa nini watu wasifanye hivo wote maana mfuko ni mfuko. Mimi kazi yangu ni kubuni vitambaa vya viwandani, vile ambavyo hakuna mtu anavivaa, na vya eabegi ni mojawapo, kwa hiyo naomba nafasi nimjibu, na nikirefusha mtanisamehe maana jambo lenyewe lina mengi.

Nianze na hilo turubai. Watu wengi wanaamini kitambaa kikiwa kizito ndio kimekuwa imara, na hata waliotutangulia kwenye fani hii walianzia huko huko, eabegi za zamani zilifumwa kwa uzi mnene wa desiteksi 940, yaani ukipima mita 10,000 za uzi huo unapata gramu 940, kisha kitambaa kikapakwa raba ya neoprini. Ulikuwa mzigo, ukiukunja unajaza usukani mzima, na ile raba ilikuwa inachoka kwa joto miaka ikienda. Siku hizi uzi unaotumika sana ni wa desiteksi 470, wengine wameshuka hadi 350 na 235, raba imeondoka ikaja silikoni ya kupaka nyembamba, gramu 20 au 30 hivi kwa mita ya mraba, na mifuko mingine haipakwi kitu kabisa. Na bado kipande cha upana wa sentimita 5 cha kitambaa hicho chembamba unaweza kukivuta kwa nguvu ya kuning'iniza kilo 250 na kikavumilia.

Tumeshuka hivo kwa sababu mfuko wa dereva unatoka na kujaa ndani ya milisekunde kama 30, hujapepesa hata jicho. Kitu kinachokuja usoni kwa kasi ya namna hiyo kila gramu yake unaisikia. Marekani miaka ya 1990 walikufa watoto na watu wafupi waliokuwa wamekaa karibu sana na mfuko, wameuawa na mfuko wenyewe kwenye ajali ambazo wangetoka wazima. Kosa kubwa pale lilikuwa nguvu ya gesi kuliko kitambaa, nakubali, ila tangu hapo mbunifu akiongeza gramu ataulizwa za nini. Sasa mtu anabandika turubai upande mmoja! Huo mfuko hata ukifunguka utafunguka umepinda, upande mzito unabaki nyuma na mwepesi unatangulia.

Lakini uzito ni jambo dogo ukilinganisha na kuvuja. Hapa ndipo watu wengi wanashangaa nikiwaambia, kwamba eabegi ya mbele imetengenezwa ivuje. Ikijaa ikabaki imekaza utakuwa umeangukia mpira uliojazwa upepo, utarudishwa nyuma kwa nguvu ile ile uliyokuja nayo na shingo ndio italipa. Inatakiwa ikupokee ikiwa imeshajaa, alafu wewe unavyozama ndani yake gesi ianze kutoka taratibu ili mwendo wako uishe kidogo kidogo. Gesi inatokea kwenye matundu maalum yaliyo nyuma ya mfuko, na kwa mifuko isiyopakwa nyingine inapita kwenye kitambaa chenyewe, katikati ya nyuzi. Kwa hiyo nafasi iliyopo kati ya uzi na uzi ni sehemu ya breki yako, na mimi mbunifu natakiwa niijue na niirudie ile ile kwenye kila roli la kitambaa linalotoka kiwandani, si roli moja linavuja sana na lingine limeziba. Tunapima hewa inayopita kwenye kitambaa kwa tofauti ya shinikizo la paskali 500, ila hicho ni kipimo cha kukagua tu, ndani ya mfuko unaofyatuka shinikizo linapanda mbali zaidi ya hapo, kwa makumi ya maelfu ya paskali, na kitambaa kikivutwa vile nyuzi zinaachana na uvujaji unabadilika kabisa. Ndio maana kuna kipimo kingine cha kuachilia hewa kwa ghafla na kuangalia kitambaa kinavyofanya shinikizo likipanda na kushuka. Kitambaa kinaweza kufaulu cha kwanza kikaaibika kwenye cha pili.

Uzi wenyewe mara nyingi ni nailoni, na siyo nailoni yoyote, ni ile inayoitwa nailoni 6.6. Wapo wanaouliza kwa nini isiwe polista ambayo ni rahisi kwa bei, na ukiangalia jedwali utaona zote mbili zinayeyuka karibu nyuzijoto 260, sasa tatizo nini? Tatizo ni kwamba jedwali hilo halikwambii unahitaji joto kiasi gani kufika huko. Nailoni inameza joto jingi zaidi kabla ya kuyeyuka, na pale gesi ya moto ya kujazia mfuko, inayotokana na baruti kuwaka, inapotoka na chembe zake, kinachohesabika ni hicho, chembe inatua juu ya uzi, je itatoboa au itapoa kabla? Tena nailoni ni nyepesi kwa ujazo ule ule na inavutika vizuri kabla ya kukatika, sifa ambayo kwenye nguo ya kawaida ungeiona kero. Polista inatumika, sisemi haitumiki, na inazidi kutumika, hasa pale gesi ya kujazia siyo ya moto sana, ila mbunifu anajua analipia nini. Hata hivyo pale karibu kabisa na mdomo wa gesi hata nailoni haiachwi peke yake, inaongezewa tabaka la kitambaa cha kukinga moto.

Mfumo wa kufuma ni ule wa kawaida kuliko yote, uzi mmoja juu mmoja chini. Ukiusikia unaona hakuna ujuzi hapo. Shida inakuja kwenye kusawazisha mtande, yaani nyuzi za urefu, na mshindio, yaani uzi wa kukatiza. Mtande unakuwa umevutwa kwenye mtambo na mshindio unapita ukiwa huru zaidi, kwa hiyo pande mbili hazijikunji sawa, na usiposawazisha mfuko utavutika zaidi upande mmoja kuliko mwingine, utajaa umbo la yai badala ya duara. Kuna ujanja mmoja naupenda sana, wa vitambaa visivyopakwa: unafuma kwa uzi ambao umeachwa makusudi na uwezo wa kujikunyata, alafu unakipitisha kitambaa kwenye maji ya moto, kinajikaza chenyewe pande zote na nafasi kati ya nyuzi zinabana kuliko mtambo wowote ungeweza kubana kwa kupiga. Maji hayo hayo yanaondoa mafuta ya uzi, na mafuta yakibaki kwenye kitambaa cha kupakwa, silikoni haishiki vizuri, inabanduka. Hiyo ni sehemu ambayo makosa hayaonekani kwa macho na yanajitokeza miaka baadaye, wakati mfuko umelala umekunjwa kwenye dashibodi inayopikwa na jua. Ndio maana vipande vinawekwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 100 kwa mamia ya masaa, kisha kwenye unyevu mkali, kisha vinapimwa upya vyote.

Mifuko ya pembeni inayoshuka kama pazia juu ya madirisha ni habari nyingine kabisa. Ile haitakiwi ivuje upesi, gari likibiringika linachukua sekunde kadhaa na pazia inabidi libaki limejaa muda wote huo ili kichwa kisitoke dirishani. Hapa mapazia mengi hayashonwi, yanafumwa mfuko mzima kwa pamoja kwenye mtambo wa jekadi ambao unainua kila uzi wa mtande kivyake, kwa hiyo pale ninapotaka hewa naamuru zifumwe tabaka mbili zisizogusana, na pale ninapotaka mpaka naziunganisha kuwa kitambaa kimoja. Sindano haiguswi. Kazi ngumu iko kwenye ule mstari ambapo mbili zinakuwa moja, maana gesi ikisukuma, nyuzi zinavutika kutoka kwenye mstari na kuacha vitundu, basi unatafuta mpangilio wa mpito, ukanda mwembamba wa mfumo wa kati, na unaweza kukaa na mstari huo wiki nzima wakati mfuko wote uliobaki uliumaliza mchana mmoja. Juu yake ndio inapakwa silikoni nyingi kuliko ya mfuko wa dereva.

Sasa nirudi kwa fundi wa siti. Sindano yake ni ya kushonea ngozi, nene, na kila tundu inaloacha ni njia ya gesi ya moto. Viwandani tunahesabu mishono kwa sentimita, ikipungua mshono unaachia, ikizidi umetoboa kitambaa mpaka kimekuwa dhaifu kuliko ulivyokikuta. Kuna mishono imewekwa makusudi iachie ikifika nguvu fulani, na kuna mikanda ya kitambaa ndani ya mfuko inayouzuia usifike mbali kuelekea usoni kwako, fundi akiona mshono umeachia anafikiri umeharibika na anaukaza. Duara mbili za mfuko wa dereva wakati mwingine zinashonwa zikiwa zimegeuzwa digrii 45 moja kwa nyingine ili mivuto isaidiane, nani atamwambia hilo? Na kitambaa chenyewe kimeshapitiwa na moto mara moja, kimeshavutwa, vipimo vyote nilivyoeleza hapo juu vimeshafutika.

Halafu kuna swali rahisi kuliko yote ambalo naona msomaji hakujiuliza. Huo mfuko utajazwa na nini? Baruti inawaka mara moja tu. Fundi alikunja kitambaa akakirudisha juu ya chombo cha kutolea gesi ambacho baruti yake imekwisha kuungua, na kama taa ya eabegi kwenye dashibodi haiwaki basi kuna mtu aliidanganya. Gari hilo halina eabegi, lina kitambaa kilichofichwa. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, mwaka 2012 ilitoa tahadhari juu ya eabegi bandia zinazofungwa baada ya ajali, kwa hiyo mchezo huu si wa fundi mmoja.

Najua kuna atakayesema mbona hata za kiwandani ziliua, akataja Takata, kampuni ya Japani iliyokuwa ikitengeneza eabegi. Kweli, na yalirudishwa mamilioni kwa mamilioni ya magari duniani, kampuni ikafilisika mwaka 2017. Ila kilichoharibika pale hakikuwa kitambaa, ilikuwa ni baruti ya amoniamu naitreti iliyopigwa na joto na unyevu miaka mingi, ikalipuka kupita kiasi ikapasua chombo cha chuma, vipande vikapita kwenye mfuko. Hakuna kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba kinachozuia chuma kinachoruka na hakikubuniwa kwa ajili hiyo. Kwa upande wa pili hiyo hiyo NHTSA inakadiria eabegi za mbele ziliokoa watu zaidi ya 50,000 Marekani hadi mwaka 2017, na wazo lenyewe lilisubiri sana, hataza, yaani hati za haki ya uvumbuzi, za wavumbuzi Linderer kule Ujerumani na Hetrick kule Marekani ni za mwanzoni mwa miaka ya 1950 na magari ya kuuzwa kwa watu yakaanza kupata mifuko hii miaka ya 1970.

La mwisho ni kava za siti, na hili naona linawahusu wengi kuliko hata hao wa kushona. Magari mengi yana eabegi ya ubavuni ndani ya siti yenyewe, ukiangalia pembeni ya mgongo wa siti upande wa mlango utakuta kilebo kimeandikwa SRS au Airbag. Mfuko huo unatoka kwa kupasua mshono wa siti, na mshono huo umeshonwa kwa uzi uliopimwa uachie pale pale na kwa wakati. Ukivalisha juu yake kava nzito lililozungushwa siti yote limekazwa kwa lastiki, umeushonea mfuko mlango kwa nje, utachelewa au utatokea pasipo pake. Zipo kava zilizoachwa wazi upande huo au zenye mshono wa kuachia, zinatengenezwa kwa ajili ya siti za namna hiyo, na anayeuza akishindwa kukuonyesha huo mshono uko wapi msinunue. Kama lililopo kwenye gari lako limefunika kilebo, livue leo.

Ni mimi msomaji wenu,
Mbunifu wa vitambaa vya viwandani