Vijana wetu wanauziwa visu vyenye dira mkiani

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi hapo ofisini. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua hii itakuwa ndefu kuliko zile mnazotoaga lakini jambo lenyewe limenikaa rohoni wiki nzima sasa na nisiposema nitakuwa nimewakosea watoto wa watu.

Kijana wa dada yangu kamaliza form six, kaitwa JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, basi kwa ile furaha akaenda mjini kununua kisu, wenyewe wanakiita cha komandoo, katoa 45,000, kina meno mgongoni kama msumeno, mpini mweusi una uwazi ndani wamejaza ndoano na uzi na njiti tano za kiberiti, halafu huku mkiani kuna kifuniko chenye dira. Akaniletea nikione maana mi ni mstaafu wa jeshi na sasa hivi napandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Nikamwambia haya mjomba, kampasulie mama ako zile kuni. Pigo la tatu bapa lote likachomoka, likampita mguuni kama vidole viwili hivi likaenda kuchoma mgomba, yeye kabaki na mpini mkononi ametoa macho. Tulipochungulia ndani tukakuta lile bapa lilikuwa limeshikiliwa na nati moja ndogo kama ya baiskeli, basi, hakuna kingine. Na zile 45,000 ni hela ya mama yake ya ndizi.

Kabla sijaendelea niseme hili la JKT, wazazi msikie. Kwenye ile orodha ya vitu vya kwenda navyo kuna bukta, kuna raba, kuna shuka, kisu hakimo, na jeshini kitu ambacho hakijatajwa unaacha nyumbani. Utapewa kitu cha kufanyia kazi ukihitajika kufanya kazi. Kwaiyo huyu kijana hata kisu kingekuwa kizima kingeishia getini. Lakini wapo wengine wengi, kuna wanaoanza upagazi mlimani, wapo askari wanaonunua kwa hela yao, wapo wavuvi, wawindaji wenye vibali, wachunga ng'ombe, wote hawa wanaingia duka lilelile wanaonyeshwa kisu kilekile cha dira.

Sasa nisikilizeni. Kisu kina kitu kinaitwa msuka, ni ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, na hapo ndo uzima wa kisu ulipo, huku kwenye bapa kunakong'aa ni baadaye. Kisu cha kazi msuka wake unatakiwa ufike mwisho wa mpini au ukaribie sana. Vizuri kabisa ni vile ambavyo chuma ni kipande kimoja kipana unakiona pande zote za mpini, mbao mbili zimebanwa na ribiti. Lakini hata mwembamba unafaa kama umepita wote, kisu cha wanamaji wa Marekani kile cha Ka-Bar kilichokubaliwa na jeshi lao mwaka 1942 msuka wake ni mwembamba, umepita katikati ya mpini wa ngozi mpaka nyuma ukafungwa, na watu wamekipasulia masanduku, wamechimbia mashimo, wamekifungulia makopo. Ukiona mpini una uwazi wa kuweka ndoano jiulize msuka umekaa wapi, maana hauwezi kukaa sehemu moja na ndoano.

Urefu nao unadanganya watu. Bapa la sentimita 10 linatosha. Nimekaa porini na mlimani miaka mingi na kazi za kisu ni zilezile, kukata kamba ya turubai, kuchonga mambo za hema zikipotea, kuchinja kuku, kumenya viazi, kufungua kopo, kutoa mwiba, kuchana kitambaa cha kufungia jeraha. Hakuna hata moja hapo inataka kisu cha urefu wa mkono, na ukitaka kukata mti chukua panga, panga ndo kazi yake na ni rahisi kuliko hivyo vyote. Wale Waswidi wa mji wa Mora wanatengeneza visu toka zamani, bapa lenyewe milimita mbili na nusu tu unene, mpini wa plastiki, hakina mbwembwe yoyote, na bei yake ni ya chini ukilinganisha na vya kizungu vingine, nilipewa kimoja na mgeni mwaka wa sita huu kinafanya kazi kila safari.

Kuhusu chuma. Visu vingi vya mtaani vimeandikwa stenlesi basi, hilo neno peke yake halikwambii kitu. Mtengenezaji anayejiamini anaandika namba ya chuma, 420HC, 12C27, 1095, ukiona namba angalau una pa kuanzia. Hizo mbili za kwanza zina kromiamu kama asilimia 13 ndo maana haziliwi na kutu haraka, hii 1095 ni chuma cha kaboni, inashika makali vizuri na inanoleka kirahisi hata kwa jiwe la mtoni lakini ukiiacha na maji ya limao usiku mmoja asubuhi unakuta madoa. Kwaiyo ndugu zangu wa Tanga, Mafia, Pemba, mnaokaa na chumvi, chukueni isiyoshika kutu. Sisi wa bara tunaweza kutumia kaboni ila ufute kila ukimaliza na upake mafuta kidogo, hata ya kupikia sawa tu. Na kama una tupa nyumbani jaribu kuipitisha kidogo kwenye mgongo wa kisu karibu na mpini, ikiteleza au ikila kwa shida chuma kimeiva, ikila laini kama inakula bati hicho hakitashika makali hata ukinoe mpaka kesho.

Visu vya kukunja ndo vimenipa alama. Hapa kwenye kidole cha shahada cha kulia nina kovu linaloanzia kwenye kifundo cha kwanza mpaka cha pili, nililipata Darfur nikiwa kwenye ulinzi wa amani. Nilikuwa na kisu cha kukunja nilichonunua sokoni kabla ya safari, kizuri kwa kutazama, kina kile kibati cha ndani kinachosukuma bapa lisirudi. Sasa kule vumbi, jamani lile vumbi, linaingia mpaka kwenye meno, mi nikawa nakipaka mafuta kila jioni nikidhani nakitunza kumbe mafuta na vumbi vikichanganyika vinakuwa kama msasa, kile kibati kikawa hakifiki mwisho wake. Siku hiyo natoboa dumu la maji nilikate liwe beseni, bapa likarudi likafunga juu ya kidole. Nilishonwa nyuzi saba. Mpaka leo kukiwa na baridi hicho kidole hakijikunji chote.

Kwaiyo kisu cha kukunja kabla hujalipa kifungue, angalia loki imekaa vizuri, tikisa bapa juu chini na kulia kushoto, likicheza achana nacho. Halafu vidole ukiviweka mbali na njia ya bapa sukuma mgongo wake kwenye ukingo wa kaunta, loki isiachie. Muuzaji akikukatalia kufanya hivyo toka dukani. Na sehemu zenye vumbi usikiloweshe mafuta, kipulize, kisugue na mswaki wa zamani, tone moja kwenye kiungo na ufute linalobaki.

Nilipokuwa na kidole kimefungwa ndo nikaijua ile zana ya kukunja yenye koleo. Askari wa kikosi cha nchi nyingine tuliyekuwa tunakaa naye kwenye genereta alikuwa nayo kiunoni, jenereta ikizima kabla hujamaliza kusema fundi yuko wapi yeye keshafungua, kabana waya, kakata, kafunga. Ilikuwa Leatherman. Huyu Leatherman ni jina la mtu kabisa, Tim Leatherman, Mmarekani, mwaka 1975 alikuwa anazunguka Ulaya na mke wake kwenye gari kuukuu la Fiat linaloharibika kila siku, mfukoni ana kisu lakini kila kinachoharibika kinataka koleo, akarudi kwao akakaa miaka anachonga chonga mpaka 1983 ndo akaanza kuuza. Napenda hii habari kwa sababu alianza na shida aliyokuwa nayo mkononi. Na Waswisi vilevile, jeshi lao lilikuwa limepata bunduki mpya ya Schmidt-Rubin ambayo kuifungua lazima uwe na bisibisi, na askari walikuwa wanakula chakula cha kopo, basi wakataka kitu kimoja chenye kisu, bisibisi, cha kufungulia kopo na cha kutobolea, Karl Elsener akaanza kuwapelekea mwaka 1891, ndo kampuni yake leo inaitwa Victorinox. Kila kitu kilichowekwa mle kiliwekwa kwa sababu kuna kazi ilikuwa inakingoja.

Ndo maana nawaambia vijana msihesabu vifaa. Utakuta zana ina vitu 20, mkasi haukati karatasi, msumeno unapinda, na koleo lenyewe ukibana nati linafunguka ubavuni. Angalia koleo kwanza, lifunge ulielekeze kwenye mwanga, meno yakutane vizuri ncha zisipishane, halafu bana msumari uzungushe. Kama we ni dereva au mtu wa mawasiliano au mpishi wa kambi mwenye jiko la kufungua kila siku, chukua yenye koleo. Kama kazi yako ni kutembea na kulala nje kisu kidogo cha msuka mzima kinakutosha, na uzito uupime, Wave ya Leatherman ni kama gramu 240, ni kidogo ukiishika dukani ila mpagazi ambaye mzigo wake una kikomo cha kilo 20 kila gramu ameihesabia.

Kingine ambacho hakiandikwi popote. Barafu Camp iko juu ya mita 4,600, saa tano usiku tunaamsha wageni twende kileleni, vidole vimekufa ganzi na una glavu nene. Hapo ndo utajua kisu chako kinafunguliwaje. Vile vya kufungua kwa kuingiza ukucha kwenye kile kijistari huwezi, kabisa, nimeshuhudia kijana analia kwa hasira kakishika mkononi na kamba ya mgeni imejifunga kwenye buti. Kisu cha ala unachomoa tu. Kama ni cha kukunja kiwe na tundu au kitufe cha kusukumia kwa dole gumba, ujaribu ukiwa na glavu kabla hujakinunua. Na kiwe na tundu la kupitisha kamba maana kikidondoka gizani kwenye mawe ndo basi tena, mi changu nimekifunga kitambaa cha rangi ya chungwa.

Feki nazo ni nyingi. Jina limechongwa pembe, bawaba zimekaza upande mmoja, bei robo ya ile ya kweli. Leatherman wa kweli wanatoa dhamana ya miaka 25 lakini feki hawaiangalii hata kwa jicho moja. Kama huna hela ya ile ya kweli usinunue kivuli chake, bora kisu kizuri cha bei ndogo na koleo la kawaida la fundi kwenye begi.

Na kwa nini tunahangaika hivyo wakati hapa Mamba karibu na Marangu kuna wahunzi toka enzi za mababu, ndo waliokuwa wanawafulia Wamasai mikuki. Wanafua kwa springi za magari chakavu, na chuma cha springi kimetengenezwa kipinde kirudi bila kukatika, ndicho kinachofaa kisu cha kupiga kazi nzito. Sime nyingi nazo zinatokea kwenye chuma hichohicho. Ukienda na mchoro wako wanakutengenezea, msuka unauona kwa macho kabla haujafunikwa. Mimi ningeomba wenzetu wa SIDO, wale wa viwanda vidogo, wawasaidie hawa wazee kwenye kuchemsha na kupoza chuma kwa joto linalopimika, maana hapo ndo kisu kimoja kinatoka kizuri na kingine laini, na TBS, shirika la viwango, watupie jicho hivi vya mpini wenye uwazi vinavyoingia kwa makontena. Wauzaji nao waandike kwenye boksi ni chuma gani na msuka unafika wapi, ni maneno manne tu.

Mnaosafiri kwa ndege msisahau kisu kinakaa kwenye begi la chini, pale uwanja wa ndege wa KIA nimeona visu vizuri vinaachwa mezani wageni wanalia. Na usivae kisu kiunoni ukienda sokoni au kwenye mkutano, kazi ikiisha kinarudi kwenye begi.

Jumamosi tunakwenda Mamba na huyu kijana wa dada yangu. Nimeshachora, bapa sentimita 10, msuka mzima, mpini wa mti wa mpera, ala nitamshonea mwenyewe. Lile bapa la dira tumempa mama yake, amelifunga kwenye fimbo anaangushia maparachichi.

Wenu,
Mstaafu, Moshi