Msing'oe choki za Beetle

Ndugu Mhariri,

Baridi ya Juni na Julai ikiingia Njombe, Iringa na Mbeya, wenye Volkswagen Beetle za zamani huanza kulalamika: gari linawaka kwa taabu, linakohoa, ukikanyaga mafuta linazima. Likishapata moto, halina neno. Gereji nyingi huwashauri waongeze jeti (kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta) au wang'oe choki (kibao kinachopunguza hewa injini ikiwa baridi), eti nchi yetu ni ya joto. Naupinga ushauri huo. Jeti kubwa huleta plagi nyeusi na ulaji wa mafuta kutwa nzima, na asubuhi shida iko palepale.

Nazungumzia injini ya 1600 yenye kabureta (kichanganya petroli na hewa) ya Solex 34 PICT-3, iliyoanza na modeli za mwaka 1971. Kwanza hakikisha vali na moto wa plagi viko sawa: gepu ya vali milimita 0.15, ipimwe injini ikiwa baridi kabisa, pointi (swichi ndogo ya mfumo wa moto) 0.4, plagi 0.7.

Halafu choki. Toa ea klina injini ikiwa baridi, kanyaga mafuta mara moja hadi mwisho, uachie. Kibao cha juu ya kabureta kinatakiwa kijifunge. Kisipofunga, legeza skrubu tatu za kifuniko cha duara chenye springi, ukizungushe mpaka kifunge. Washa gari; dakika chache baadaye kibao kiwe kimesimama wima. Kikibaki kimefunga, pima waya wake kwa testa: unatakiwa kupata volti 12 swichi ikiwa imewashwa, kutoka upande chanya wa koili (inayozalisha umeme wa plagi). Wapo wanaoufunga upande hasi, kisha moto ukivurugika wanalaumu pointi.

Panaposahaulika zaidi ni chini ya kabureta. Manifoldi, bomba linalopeleka petroli na hewa kwenye silinda, imeshikana na bomba jembamba linalopitisha moshi wa ekzosi ili kuipasha. Petroli inapogeuka mvuke hunyonya joto. Bila bomba hilo kufanya kazi, manifoldi hupoa hadi kutoa jasho, hata barafu, na petroli hurudi kuwa matone ukutani badala ya kufika kwenye silinda. Hapo hata choki nzima haikusaidii. Washa gari lililolala, subiri dakika chache, kisha gusa bomba hilo kwa tahadhari pande zote mbili za kabureta. Likiwa bado baridi, limeziba masizi. Shusha manifoldi, pitisha waya mgumu wa nyuzi uliofungwa kwenye drili, uende nao taratibu, kisha puliza kwa kompresa. Angalia na ekzosi yenyewe: baadhi ya zile za kuiga huja bila kutobolewa tundu la bomba hili, na gasketi zake nazo huzibwa na fundi asiyejua kazi yake.

Mwisho kagua mipira miwili inayounga manifoldi na vipande vyake vya pembeni. Ikipasuka, injini huvuta hewa ya ziada na silensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) haitulii.

Iwapo yote hayo ni mazima na gari bado linasita unapokanyaga ghafla, tazama distributa, kifaa kinachogawa moto kwa plagi. Ile ya 009, isiyo na mpira wa vakyumu, haipatani vizuri na kabureta hii. Rudisha ya vakyumu kabla ya kununua kabureta nyingine.

Fundi magari,
Iringa