Barua kwa mwanangu winga, kuhusu ule umri wako

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili mama yako akiwa pembeni yangu. Umezunguka sana lakini tumekuelewa. Huyo wakala anataka cheti chako cha kuzaliwa "kirekebishwe", ushuke kutoka miaka 19 hadi 16, ndipo akutafutie majaribio nje. Jibu langu ni hapana. Cheti kimo sandukuni na hakitoki. Ila najua hapana tupu ya baba haimtoshi kijana wa umri wako, kwa hiyo nimefunga kibanda changu cha kunyolea mapema leo nikuandikie kwa kirefu.

Unasema winga, mshambuliaji wa pembeni, akifika 20 hajatoka nje, basi ameshakwisha. Nani kakwambia? Si huyo huyo anayesubiri asilimia zake? Hapa Ngamiani mpira unachezwa kwenye kiti changu kuanzia asubuhi. Simba na Yanga wanatoana roho huku nusu ya kichwa cha mtu haijanyolewa. Katika hadithi zote nilizosikia na baadaye kuzitafuta mwenyewe, niliyoishika zaidi ni ya Mwingereza mmoja, Stanley Matthews, winga wa kulia kama wewe. Labda kwa sababu baba yake alikuwa kinyozi.

Alizaliwa tarehe 1 Februari 1915 huko Hanley, ndani ya Stoke-on-Trent, mji wa viwanda vya vyombo vya udongo. Baba yake, Jack, alikuwa akinyoa watu na pia akipigana ngumi za kulipwa. Walimwita Kinyozi Mpiganaji wa Hanley. Alikuwa na watoto wanne wa kiume, wote akiwaamsha alfajiri kufanya mazoezi, na huyu wa tatu alimtaka awe bondia. Kijana akakataa, akataka mpira. Jack hakumfukuza wala hakumkubalia kirahisi. Alimwekea sharti: ukichaguliwa timu ya taifa ya wanafunzi, nitakuunga mkono. Akachaguliwa. (Mimi sikukuwekea sharti lolote, mama yako ndiye shahidi.)

Akiwa na miaka 15 alianza kazi ofisini kwa Stoke City, kijana wa kutumwa huku na huku. Siku alipotimiza 17 akasaini mkataba wa kulipwa, pauni 5 kwa wiki. Na Septemba 1934, akiwa na miaka 19, umri wako huu huu, alichezea England kwa mara ya kwanza dhidi ya Wales, na bao akafunga. Najua utalirukia hilo: "Unaona, baba, mwenzangu 19 yuko timu ya taifa!" Tulia. Angeishia hapo, leo tusingekuwa tunamtaja.

Kwanza nikueleze alivyocheza, maana hilo lina faida kwako kuliko vikombe. Akipokea mpira kulia, karibu na mstari, hakuwa na papara ya kukimbia. Alimngoja beki. Alimsogelea taratibu, mpira uko karibu na mguu kabisa kama vile anamkabidhi, kisha kiwiliwili chake kikaegemea ndani, kushoto. Beki akihamisha uzito wake tu kuufuata mwili ule, kwisha: mpira umeguswa na upande wa nje wa mguu wa kulia, Matthews kapita nje, na zile hatua zake chache za mwanzo hazikuwa na wa kuzifukuza. Chenga ilikuwa hiyo. Mabeki wote wa England waliijua, makocha wao waliwaonya juu yake wiki nzima, na Jumamosi wakapitwa nayo. Wewe una chenga saba, na zote unazipiga ukiwa kwenye mwendo, ndiyo maana beki yeyote mwenye subira anakunyang'anya. Siku ile ya mechi ya Mkwakwani nilikuwa jukwaani, niliona. Jifunze kusimama.

Halafu vita ikaja. Mwaka 1939 ligi ilisimamishwa, ikarudi 1946. Hesabu: aliingia vitani ana miaka 24 akatoka ana 31, yaani ile sehemu ya maisha ya winga ambayo mawakala wanaigombania. Yeye alikuwa jeshi la anga, akicheza mechi za wakati wa vita tu, zisizo rasmi na za kuchangamsha watu. Kama kuna mchezaji aliyekuwa na haki ya kusema "nirudishieni miaka yangu", ni yeye na wenzake wa rika lile.

Mei 1947 Stoke wakamuuza Blackpool kwa pauni 11,500. Ana miaka 32. Kocha wa Blackpool, Joe Smith, alimuuliza kama anadhani anaweza kucheza miaka mingine miwili hivi. Lilikuwa swali la haki kabisa. Alikaa pale miaka kumi na minne.

Sasa nikupeleke Wembley, ule uwanja mkubwa wa London. Mzee Jack alifariki mwaka 1945, na kabla ya kukata roho alimwachia mwanawe mambo mawili: amtunze mama yake, na siku moja apate medali ya Kombe la FA, lile kombe la mtoano la England. La kwanza lilikuwa mikononi mwake. La pili likawa mtihani. Fainali ya 1948 Blackpool wakapigwa 4-2 na Manchester United. Ya 1951 wakapigwa 2-0 na Newcastle. Tarehe 2 Mei 1953 wakaingia tena, safari hii na Bolton, na Matthews ana miaka 38. Watu wengi wa nchi ile, hata wasioijua Blackpool iko wapi, walikuwa wakimwombea.

Bolton wakafunga kabla watu hawajakaa vizuri. Mpaka kipindi cha pili ilikuwa 3-1. Lakini Bolton walikuwa na tatizo: Eric Bell alikuwa ameumia mguu mapema, na enzi zile hakukuwa na mchezaji wa akiba, ukiumia unabaki uwanjani ukichechemea. Alichechemea hivyo hivyo na bado akafunga lile bao la tatu kwa kichwa, mwanamume kweli kweli. Kisha beki wa kushoto, Ralph Banks, misuli ikaanza kumkaza. Upande wa kushoto wa Bolton ndio uliokuwa unatazamana na Matthews. Blackpool hawakuhitaji kuambiwa. Kila mpira ukapelekwa kulia. Zikiwa zimebaki dakika ishirini na kidogo akapiga krosi ndefu, kipa akashindwa kuidhibiti, Stan Mortensen akaisukuma ndani. Dakika ya 89 Mortensen akasawazisha kwa mpira wa adhabu. Ndani ya dakika za nyongeza Matthews akampita beki wake kwa mara nyingine, akafika karibu na mstari wa goli, akaurudisha mpira nyuma, na Bill Perry, mzaliwa wa Afrika Kusini, akamaliza kazi. 4-3.

Mpaka leo inaitwa Fainali ya Matthews, ingawa Mortensen ndiye aliyefunga matatu peke yake. Matthews mwenyewe hakulipenda jina hilo, alisema sifa ni za Mortensen. Na Mortensen alipofariki mwaka 1991, watu wakatania kwamba hata mazishi yale yataitwa ya Matthews. Mfungaji akisahaulika, mtoa krosi akabaki, ujue krosi zilikuwa krosi.

Hapo wengi wangetundika daruga. Yeye mwaka 1956, ana miaka 41, alicheza dhidi ya Brazil pale Wembley, England ikashinda 4-2, na mwaka huo huo gazeti la France Football lilipoanzisha zawadi ya mchezaji bora wa Ulaya, ile Ballon d'Or mnayoikeshea kwenye simu, wa kwanza kabisa kuipata alikuwa yeye, mbele ya Di Stéfano wa Real Madrid. Mechi yake ya mwisho timu ya taifa ilikuwa Mei 1957 na Denmark. Miaka 42. Na tarehe yake ya kuzaliwa ilikuwa ikijulikana na kila mwandishi wa habari, wakiichapa na kuirudia, ndiyo iliyokuwa ikijaza viwanja.

Hilo la kujaza viwanja silisemi hivi hivi. Oktoba 1961 Stoke City, wakiwa daraja la pili na hali mbaya, walimrudisha nyumbani. Ana miaka 46. Mechi ya nyumbani kabla hajaja walikuwa wameingia watu 8,409. Mechi yake ya kwanza wakaingia 35,974. Msimu wa 1962/63 Stoke wakapanda daraja, na waandishi wakamchagua mchezaji bora wa mwaka, tuzo aliyokuwa ameipata ilipoanzishwa mwaka 1948. Januari 1965 akapewa cheo cha Sir, mwanasoka wa kwanza kukipata, na akiwa bado anacheza. Mechi yake ya mwisho ya ligi ilikuwa tarehe 6 Februari 1965 na Fulham, siku tano baada ya kutimiza miaka 50. Baadaye alilalamika kwamba aliacha mapema mno.

Sikudanganyi kwamba utacheza mpaka 50. Mwili ule si wa kila mtu na mabeki wa leo wanakimbia kuliko wa enzi zile. Lakini alivyoutunza, hilo unaliweza. Hakunywa pombe, hakuvuta sigara, alikula kidogo, Jumatatu alifunga, na alfajiri alikuwa ufukweni Blackpool akikimbia peke yake. Na katika miaka yote ile refa hakuwahi kumwandika jina, na walimpiga mateke kila wiki! Wewe msimu huu una kadi nne za njano, tatu ni za mdomo. Za mdomo, baba. Sijui umezirithi kwa nani, mama yako anasema kwangu.

Turudi kwa wakala wako. Hakukwambia kwamba FIFA tangu 2009 wanawapima vijana wa chini ya miaka 17 kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI? Wanatazama mfupa kama umeshaungana. Mfupa hausomi cheti. Unakumbuka Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, walivyokwenda Kombe la Afrika la vijana kule Gabon 2017? Walikuwa wametolewa na Kongo Brazzaville. Nafasi waliipata kwa sababu Kongo waliondolewa, kisa mchezaji mmoja aliyetiliwa shaka umri na hakupelekwa kupimwa. Wewe ulikuwa mdogo, uliruka ruka hapa sebuleni. Na kabla ya hapo, miaka ya mwanzo ya 2000, sisi wenyewe tuliwahi kuondolewa kwa kosa hilo hilo. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema; siku hizi urefu wake ni kifundo cha mkono. Mpe wakala namba yangu, tutazungumza.

Hata Matthews karatasi zilimtia doa, ujue. Alipostaafu alikwenda kuiongoza Port Vale, jirani wa Stoke, akitaka kuijenga kwa vijana. Mwaka 1968 klabu ikakutwa na malipo yasiyoruhusiwa, ikafukuzwa kwenye ligi kisha ikapigiwa kura ya kurudishwa. Akaondoka huku klabu haijamlipa fedha zake. Miguu ile isiyowahi kuonywa na refa ikaaibishwa na vitabu vya ofisi.

Baada ya hapo alihangaika huku na kule duniani. Sehemu ninayoipenda ni Soweto. Mwaka 1975, katikati ya ubaguzi wa rangi, mzee wa miaka 60 alikuwa akifundisha wanafunzi weusi, akaunda nao timu na kuwapeleka mpaka Brazil. Alifariki Februari 2000, na Stoke ilijaa barabarani kumsindikiza, watu zaidi ya laki moja.

Jambo lingine dogo. Mwanawe wa kiume, naye Stanley, hakufuata njia ya mpira. Alishika tenisi na mwaka 1962 akashinda Wimbledon ya vijana. Kwa hiyo kama siku moja utaniambia mpira umekushinda na unataka kurudi chuo cha ufundi ulikoacha, kiti chako sijakigawa kwa mtu.

Dada yako kapata kazi pale bandarini, ya ofisini, anaanza mwezi ujao. Mama yako anauliza kama ile kikohozi imeisha na kama unakula usiku au unalalia chai. Goti likiuma tena usicheze nalo, mwambie daktari wa timu kabla hujamwambia kocha.

Nimekutumia kidogo kwenye simu. Matthews aliona njumu nyepesi za Waamerika ya Kusini akatengenezewa zake, akaachana na yale mabuti mazito ya Kiingereza. Hizo zako za kuazima zinakubana na nimeona unavyokanyaga. Kanunue zinazokutosha, si za jina. Dada yako anasema usithubutu kuchukua zile za waridi.

Baba yako,
Ngamiani, Tanga