Mdogo wangu, acha kujiosha ndani

Mdogo wangu mpenzi,

Jina lako nimeliacha kama tulivyokubaliana. Barua naiweka wazi kwa sababu tangu uliponipigia simu usiku ule, unanong'ona kutoka bwenini, wasichana wengine wawili wamenijia zahanati na maneno yale yale ya kuwashwa ukeni.

Jumapili ulinitolea bahasha ya kaki chini ya khanga. Ndani mlikuwa na nusu ya ndimu iliyokauka, chupa ya sabuni ya manukato, na karatasi ya vidonge vya antibaotiki, vimebaki vinne. Bahasha ile iliniuma. Wiki 3 nzima umekuwa ukijitibu kwa vitu vinavyouchochea ugonjwa.

Fangasi aitwaye Candida huishi mwilini mwa wanawake wengi bila kumsumbua mtu, kwa kuwa ukeni kuna bakteria walinzi wanaomzuia asizagae. Antibaotiki huua walinzi hao, naye haimgusi. Ndiyo maana muwasho ulizidi siku ya tano ya vidonge. Aliyekuuzia bila kukuuliza hata swali moja alikukosea.

Ndimu na kidole najua umevitoa wapi. Nilipovunja ungo mimi, na wewe baada yangu, somo yule yule alitukalisha mkekani akatufundisha kujisafisha mpaka ndani. Alitupenda, na mengi aliyotufunda nayashika mpaka leo. Hili nimeliacha. Uke hujisafisha wenyewe kwa ule ute. Osha nje tu, kwa maji, na ukitawaza anza mbele uende nyuma. Ndimu, shabu, kitunguu saumu, maji ya chumvi, visiingie ndani kabisa. Vinachubua, na palipochubuka ndipo panapowasha zaidi.

Fangasi huwasha sana, hufanya sehemu za nje zivimbe na kuwa nyekundu, mkojo ukipita unachoma, na ute huwa mzito, mweupe kama mtindi ulioganda, bila harufu kali. Ukiona majimaji ya kijivu yenye shombo ya samaki, hayo ni ya bakteria, na dawa yake ni nyingine. Yakiwa ya njano au kijani yenye povu, huenda ni trikomona, ambayo huambukizwa kwa ngono na mwenzako naye lazima atibiwe. Kwa macho tu hata mimi naweza kukosea. Kipimo chenyewe ni chepesi: wanachukua ute kidogo kwa kijiti cha pamba na kuutazama kwenye hadubini.

Ikithibitika ni fangasi, kuna klotrimazoli ya kuingiza ukeni: ya miligramu 500 mara moja tu, au ya miligramu 100 kila usiku kwa siku 6. Iingize unapokwenda kulala, uvae pedi, na ujue kwamba inaweza kudhoofisha kondomu. Au utapewa flukonazoli ya kumeza, miligramu 150, mara moja. Mjamzito asiimeze hiyo. Yeye hutumia ya kuingiza kwa siku 7.

Ulilia ukisema mama atadhani unahangaika na wanaume. Mdogo wangu, fangasi hawahesabiwi katika magonjwa ya zinaa. Hata bikira huwapata. Wanawake kama 3 kati ya 4 huwapata angalau mara moja maishani; mimi mwenyewe nimewapata mara mbili, ya pili nikiwa na mimba ya kitinda mimba wangu. Na choo cha bweni unachokilaumu hakina kosa, fangasi hawa hawakutoka huko.

Wakikurudia mara 3 ndani ya mwaka, usinunue tena dawa ile ile. Omba upimwe sukari na VVU, kwani vyote viwili huwafanya wasikome, na bibi yetu unajua ana sukari. Ukipata homa, vidonda au maumivu chini ya kitovu, nenda siku hiyo hiyo.

Chupi vaa za pamba, na usizianike nyuma ya mlango zikabaki na unyevu. Zianike juani, ukiona haya, zifunike kwa khanga nyepesi.

Jumamosi nakuja, twende tukapime. Kuanzia leo usipake wala usiingize kitu chochote, ili kipimo kisome vizuri. Ukitaka niingie nawe chumbani nitaingia. Usipotaka, nitakaa kwenye benchi la nje nikikusubiri.

Dada yako