Barua ya wazi kwa Jaji Mkuu: faini ya elfu kumi haiumi sawa

Mheshimiwa Jaji Mkuu,

Salamu kutoka Kisumu. Nakuandikia kuhusu faini, jambo lisilovuma kwenye habari lakini linalopeleka majirani zetu gereza la Kodiaga.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinasema kila mtu ni sawa mbele ya sheria. Sasa chukua mama anayeuza omena Kibuye na mwenye kampuni ya ujenzi anayeishi Milimani. Wametenda kosa moja, kila mmoja katozwa shilingi 10,000. Mwenye kampuni analipa kwa simu kabla hajatoka kortini. Mama hana. Kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu afungwe hadi miezi mitatu, kwa sababu faini yake iko kati ya shilingi 2,501 na 15,000. Akitoka, mtaji umekwisha, kibanda kina mtu mwingine, na watoto wamekuwa mzigo wa nyanya yao. Mwenzake alilala kwake usiku ule ule. Huo usawa uko wapi, Mheshimiwa?

Finland waliliona hili mapema. Tangu 1921 wana faini za siku: uzito wa kosa hupimwa kwa idadi ya siku, na bei ya kila siku hutegemea kipato cha mkosaji. Mwaka 2023, tajiri mmoja katika visiwa vya Åland alinaswa akienda kilomita 82 kwa saa mahali pa 50. Alitozwa euro 121,000. Kibarua angelipa sehemu ndogo sana ya hizo, na wote wawili wangeumia. Ujerumani nao hutoza kwa mtindo huo.

Sidai kwamba ng'ambo kote ni haki tupu. Julai 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba rais ana kinga pana dhidi ya mashtaka kwa matendo ya kazi yake, na uamuzi huo ulinisikitisha. Lakini Norway, mwaka 2021, polisi walimtoza Waziri Mkuu Erna Solberg kroner 20,000 kwa kuvunja masharti ya korona kwenye sherehe ya siku yake ya kuzaliwa, naye akiwa bado madarakani.

Najua nitaulizwa: muuza omena au mwendesha boda hana hati ya mshahara, hakimu atajuaje kipato chake? Maafisa wa probesheni tayari huwaandikia mahakimu ripoti kuhusu maisha ya washtakiwa. Waulizwe pia mtu anapata nini kwa siku na analisha wangapi.

Wewe ndiwe mwenyekiti wa baraza la kitaifa la usimamizi wa haki, lililotoa mwongozo wa dhamana mwaka 2015. Tunaomba mwongozo wa faini vilevile: hakimu aulize kipato kwanza, aruhusu kulipa kidogo kidogo, na anayeshindwa kabisa apewe kazi ya jamii chini ya sheria ya 1998 badala ya kifungo. Kufagia soko kwa wiki kadhaa, jioni akirudi kwa wanawe, ni adhabu ya kutosha kwa aliyeuza bila leseni.

Ukija Kisumu, tafadhali pita Kodiaga, uulize ni wangapi wamo ndani kwa kukosa pesa za faini. Hesabu hiyo itangazwe hadharani, gereza kwa gereza, kila mwaka.

Mkazi wa Manyatta, Kisumu