Kompyuta ya gari ichaguliwe kwa namna inavyozimika

Mhariri,

Magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani huja na redio inayoandika Kijapani, na FM yake inaishia megahezi 90 au 95 wakati stesheni zetu zinakwenda hadi 108. Ndiyo maana wapo wanaoing'oa na kuweka kompyuta ya kujiundia: bodi ya Raspberry Pi (kompyuta ndogo kama kadi) na skrini ya kugusa ya inchi 7. Kinachofuata ni ubishi wa mfumo endeshi, yaani programu kuu ya kompyuta: Android, Windows au Linux, na hoja huwa upi unapendeza na upi una programu nyingi. Kwa gari, hilo si swali la kwanza. La kwanza ni hili: dereva akichomoa ufunguo, mfumo endeshi unakufa vipi?

Kompyuta ya mezani huzimwa kwa utaratibu. Ya gari hukatwa umeme mara nne, tano kwa siku, na ikikatwa inapoandika kwenye kadi ya memori, faili hubaki nusu. Asubuhi moja skrini inakuja nyeusi yenye maandishi meupe, kadi inalaumiwa kuwa feki. Feki zipo tele, ila hata halali hufa hivyo hivyo.

Kwa Raspberry Pi 4 sisi tunachagua Raspberry Pi OS, ambayo ni Linux, kwa sababu moja tu: inafungika isiandike kabisa kwenye kadi. Kwenye dirisha la amri andika sudo raspi-config, ingia Performance Options, halafu Overlay File System, kubali maswali yote mawili, kisha washa upya. Tangu hapo kila kinachoandikwa kinakaa kwenye RAM na kufutika umeme ukikatika. Kwa hiyo nunua bodi yenye RAM ya GB 2 au zaidi, weka nyimbo na ramani kwenye flashi ya USB, na maliza mipangilio yote kabla ya kufunga. Anayefunga kwanza na kupanga baadaye atapanga kila siku upya. Saa nayo huchelewa, maana Pi 4 haina betri ya saa. Kisaa cha DS3231 kinatibu hilo. Redio iliyong'olewa inafidiwa na kifaa cha USB cha RTL-SDR, kinachopokea FM yote hadi 108, na Linux inakifahamu vizuri.

Udhaifu wa njia hii ni ramani. Programu za kuongoza njia bila intaneti, kama OsmAnd na Organic Maps, ziko nyumbani kwenye Android, na LineageOS isiyo rasmi ya Pi 4, ambayo ni aina ya Android, inaziendesha. Lakini Android huandika kwenye hifadhi yake muda wote na haina kufuli kama ile, hivyo lazima izimwe kistaarabu. Wengine hukwepa tatizo kwa kubandika kishikwambi, kwa kuwa kina betri yake. Kinasalimika na kukatwa umeme, hakisalimiki na jua: betri ya lithiamu haifai kuchajiwa ikipita nyuzi 45, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hupita 60. Betri inavimba na kuinua kioo. Kishikwambi kiwe cha kuchomoa na kuondoka nacho.

Crankshaft, inayoifanya Pi iwe skrini ya Android Auto ya simu, ni wazo zuri hadi simu ijisasishe na hizo mbili zikatae kuelewana. LibreELEC inawaka haraka na inamfaa anayetaka muziki na video tu. Windows tusiizungumzie sana: Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na hifadhi ya GB 64, na kufuli la kuzuia kuandika lipo kwenye matoleo ya Enterprise na ya namna hiyo, si ya nyumbani. Tena sasisho likikatwa katikati kwa ufunguo, hapo ni kuanza upya. Wapo pia wanaouliza kuhusu Automotive Grade Linux, ambayo Toyota iliiweka kwenye Camry ya 2018. Hiyo ni malighafi ya viwanda, si ya karakana.

Umeme nao una neno lake. Chaja ya kwenye tundu la kiberiti haitoshi. Weka konveta inayopokea volti 8 hadi 36 na kutoa 5.1 kwa ampea 5, fyuzi ya ampea 3 karibu na betri, na waya mfupi mnene. Ukipiga stata, betri inashuka hadi volti 9 au chini yake. Alteneta ikichaji inapanda hadi 14.4. Mfumo uliofungwa unaweza kulishwa na waya wa ACC, unaopata umeme ufunguo ukiwashwa, peke yake. Kasoro yake ni kwamba magari mengi hukata ACC wakati wa stata, kwa hiyo kompyuta itawaka mara mbili.

Anayetumia mfumo unaoandika atoe umeme kwenye waya usiozimika, kupitia rilei ya muda inayokata sekunde 60 baada ya ACC kuzimika. Taarifa ya ACC ipitie optokapla PC817 (kipande kinachopitisha taarifa kwa mwanga) yenye rezista ya kilo-omu 2.2, maana pini za Pi ni za volti 3.3 na volti 12 zitaziua. Kwenye faili la mipangilio, config.txt, la Raspberry Pi OS ongeza:

dtoverlay=gpio-shutdown,gpio_pin=17,active_low=0,gpio_pull=up,debounce=5000

Ile 5000 ni milisekunde: inazuia kompyuta kujizima kwa sababu tu stata imepigwa. Ukiruka rilei, Pi iliyoachwa ikiwaka hula kama ampea 0.28 kwenye betri, karibu Ah (ampea-saa) 7 kwa siku. Betri ya Ah 45 itafika nusu baada ya siku tatu na ushee.

Kamera ya nyuma isipitie kompyuta hata kidogo. Linux inaweza kuchukua nusu dakika kuwaka. Kanuni za Marekani zinataka picha ndani ya sekunde 2. Nunua skrini yenye njia ya AV inayojigeuza kwa waya wa taa ya rivasi.

Kabla ya kurudisha plastiki za dashibodi, piga muziki kisha chomoa fyuzi, mara 20, kwa mfumo uliofungwa. Halafu, ukilisha kwa waya usiozimika, piga stata kompyuta ikiwa inawaka na uandike vcgencmd get_throttled, amri inayoonyesha kama umeme ulishuka. Ikijibu 0x0, rudisha plastiki. Ikijibu 0x50000, umeme umeshuka. Rudi kwenye waya na konveta, mfumo endeshi hauna kosa.

Mafundi umeme wa magari,
Ilala, Dar es Salaam