Barua ya wazi kwa vijana wa komedi mnaoigiza bila skripti

Marahaba wanangu. Nimeona niwaandikie hapa kila mtu asome, maana nikiongea na mmoja mmoja maneno yanapotea njiani. Nawaangalia mkipanda jukwaani na kipaji nakiona, tena kingi, ila naona na haraka, kila mtu anataka yeye ndo achekeshe, mwenzake hajamaliza hata sentensi yeye kashamdandia na kichekesho chake na sini, yaani kile kipande cha igizo, inakufa hapo hapo. Inaniuma kweli. Ndo maana leo nataka tumwongelee Steve Carell, mchekeshaji wa Marekani, wengi wenu mmemjulia kwenye The Office, ile komedi ya TV, na mnadhani aliibuka tu 2005 akawa staa.

Jamani, 2005 alikuwa kashavuka miaka 40! Huko nyuma aliwahi hadi kupeleka barua za posta kule Massachusetts, baadaye akahamia Chicago, na 1991 alikuwa tayari jukwaani Second City, kundi la komedi lililoanzishwa 1959 na kina Paul Sills, ambaye mama yake, Viola Spolin, ndiye aliyebuni mingi ya ile michezo ya mazoezi mnayocheza nyie mpaka leo. Pale mwenzako akileta kitu unakipokea, unaongezea, hukitupi. Carell alikaa pale miaka, akawa anafundisha pia, hata mkewe Nancy Walls alikuwa mwanafunzi kwenye darasa lake, na mtu wa kushika nafasi yake asipokuwepo alikuwa Stephen Colbert, mchekeshaji mwenzake. Akajaribu odishni ya Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha TV, 1995, akakosa, akachukuliwa mchekeshaji Will Ferrell. Mwaka uliofuata akapata The Dana Carvey Show, kipindi kingine cha vichekesho, nayo televisheni ya ABC wakaikata baada ya episodi 7 tu kwenda hewani.

Sasa humo ndani kuna sini moja naomba muitafute, ya wahudumu wa mgahawa wanaotiwa kichefuchefu na chakula. Yeye na Colbert wanawatajia wateja vyakula vya siku hiyo, basi, na kila wakitaja kimoja kichefuchefu kinapanda. Hakuna mstari wa kuchekesha pale, ni majina ya vyakula tu, kinachokuvunja mbavu ni yule mtu anavyojikaza abaki na adabu zake za kazini huku koo linagoma. Kicheko kimetoka kwenye kupambana kwake, sio kwenye maneno. Colbert akatangulia The Daily Show, kipindi cha kuchekesha kuhusu habari, 1997, Carell akafuata 1999.

Na hili la The Office mnalikosea sana, eti walikuwa wanajiropokea tu. Hapana. Skripti ilikuwepo, imeandikwa vizuri na waandishi kina Greg Daniels, wanarekodi kwanza kama ilivyoandikwa halafu ndo zinakuja teki za kujiachia, yaani kurekodi tena kwa maneno yao wenyewe. Mkitaka kumjua Carell mwangalieni akiwa kimya. Mwenzake anaongea, Michael Scott, yule bosi anayemwigiza, anasikiliza, uso unapokea neno, unaumia, unajifanya haujaumia, yote hayo ndani ya sekunde mbili na hajasema kitu. Hayo ni mazoezi ya Chicago yale. Ndo yaliyombeba hadi filamu ya Foxcatcher ya 2014, akaigiza mtu wa kutisha asiye na utani hata chembe, akateuliwa kugombea Oscar. Emmy, tuzo ya TV, ya kuigiza Michael Scott hawakumpa hata moja, na mkiniuliza mimi hawakumtendea haki.

Kwa hiyo mazoezi yenu yajayo naomba mfanye hivi: mkae wawili wawili, na kabla hujajibu chochote lirudie kimoyomoyo neno la mwisho alilosema mwenzako, jibu lako lianzie hapo. Itakuwa ngumu, nawaambia, na wale wenye ulimi mwepesi ndo watateseka zaidi, wavumilieni. Watu wakikaa dakika nzima bila kucheka msiogope, endeleeni. Na nyie viongozi wa makundi, acheni kumpa kila sini yule anayepigiwa makofi mengi, mpeni na yule anayesikiliza.